Mama yangu kaambiwa na daktari atembee nusu saa, siku tano kwa wiki. Atembee wapi?

Wakuu salamu. Jambo hili limenikaa kifuani miezi miwili na leo nalitoa. Uzi ni mrefu, naombeni mvumilie.

Mama ana miaka 64. Presha anayo siku nyingi, sukari ikaja juu yake 2019. Alipoenda kliniki mara ya mwisho, daktari, kijana mstaarabu sana, alimkalisha akamweleza taratibu: mama, dawa usiruke, ugali punguza, na utembee nusu saa siku tano kwa wiki, mwendo wa kukutoa jasho kidogo lakini bado uweze kuongea na mwenzako. Akamwambia misuli ya miguu ikifanya kazi inaichukua sukari iliyo kwenye damu, kwa hiyo akitembea baada ya kula ndiyo bora zaidi. Mama akarudi na ari kama mtoto wa shule. Akaniambia ninunulie raba. Nikaenda Karume nikampatia za mtumba nzuri, nyeupe zenye mstari wa bluu, akazifua mwenyewe kwa mswaki na kuzianika juu ya bati.

Alitembea siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili aliingia mtaroni.

Mtaa siutaji, majirani zetu wamo humu. Ni huku pembezoni mwa Dar ambako lami ilitufikia miaka sita iliyopita tukapiga vigelegele. Kutoka kwetu hadi kituo cha daladala ni kama kilomita moja na nusu. Upande mmoja wa lami kuna mtaro uliofunikwa kwa mifuniko ya zege, na hiyo mifuniko ndiyo tuliyoambiwa ni njia ya watembea kwa miguu. Upande wa pili ni mchanga na kuta za watu, basi.

Hatua arobaini za mwanzo hazina shida. Halafu unamkuta mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kamwaga kokoto na kulaza nondo juu ya mifuniko, amepafanya stoo. Unashuka barabarani. Unapanda tena, nguzo ya umeme imesimikwa katikati ya njia, nafasi iliyobaki haimpitishi mtu mwenye kapu. Unashuka. Mbele kuna kijiwe cha bodaboda, pikipiki zimepangwa kiubavu kuanzia ukutani hadi kwenye lami. Ukishavuka hapo kuna gereji, na gari moja bovu limelala juu ya njia tangu masika ya mwaka jana, majani yameota chini yake mpaka yanatokea kwenye bampa. Na kila mwenye geti amemwaga mteremko wake wa zege ili gari lake liingie vizuri, huyu kaupandisha hivi, yule kaushusha vile, kwa hiyo hata pale palipo wazi njia inapanda na kushuka kama ngazi. Kijana anaruka tu. Mtu mwenye magoti ya miaka 64 anasimama kila geti, anashika ukuta, anashusha mguu mmoja, anasubiri, anashusha wa pili.

Nimeipita njia yote na kalamu mkononi. Kwa kilomita moja na nusu unashushwa kwenye lami mara 17. Mifuniko tisa haipo kabisa. Miwili imevunjika na nondo zimetoka juu kama miiba ya samaki.

Siku ile ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, kagiza kanaingia, na taa za barabarani hatuna. Mama alikuwa ameshuka kulikwepa lile gari bovu. Daladala ikaamua kuipita bajaji, ikamjia upande wake, ikapiga honi. Akarudi kwenye mifuniko kwa haraka, na pale pale palikuwa na tundu. Mguu wa kushoto ukazama hadi pajani. Aliyemtoa ni muuza mihogo na vijana wawili wa kile kijiwe cha bodaboda, Mungu awabariki, mmoja akampakia akamleta nyumbani na hela akakataa. Raba moja ilibaki chini kwenye maji meusi.

Kifundo kiliteguka na ugoko ukachunika vibaya. Wenye wazazi wa sukari mnajua maana ya kidonda cha mguu. Wiki tano nzima nilikuwa naamka nampiga tochi ya simu kwenye mguu, naangalia kama pembeni pameanza kubadilika rangi, nainusa bandeji. Kimefunga, alhamdulillah. Lakini hizo wiki tano sukari yake ilipanda kuliko ilivyokuwa kabla hajaanza kutembea. Ushauri wa kumponya nusura umkate mguu, na kosa si la daktari wala la mama.

Nikaanza kuzunguka maofisi. Ya kwanza wakasema barabara siyo yao. Ya pili wakasema barabara ni yao ila mifuniko ni suala la mkandarasi, na muda wake wa uangalizi umeshapita. Wenye nguzo wakasema nguzo ilikuwepo kabla ya barabara. Kuhusu kokoto na gari bovu nikaambiwa niende idara nyingine, huko nikaambiwa mhusika yuko semina. Afisa mmoja akaniuliza kwa dhati kabisa: "Kwani lazima atembee barabarani? Si atembee uwanjani?" Uwanja! Uwanja wetu wa mpira umezungushiwa ukuta mwaka wa nne huu na ndani kuna msingi wa ghorofa. Wakati wanapiga ule ukuta hizo ofisi zote zilikuwepo.

Jamani, hili si la mama yangu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2012 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, asilimia 26 wana presha na asilimia 9 wana sukari. Hapo ni 2012. Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikawekwa kuwa siku ya kufanya mazoezi. Nililiunga mkono jambo lile na bado naliunga mkono. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ni nusu saa hiyo hiyo mara tano aliyoandikiwa mama. Ukimwandikia mtu dawa halafu duka la dawa halipo mkoa mzima, utamlaumu yeye kwamba hajameza?

Na wengi wetu tunatembea kila siku ya Mungu, siyo kwa mazoezi. Anayekwenda kituoni anatembea, mwanafunzi anatembea, mama wa ndoo ya samaki anatembea. Mji huu unaendeshwa na miguu, lakini barabara inapochorwa anayefikiriwa ni mwenye gari, mwenye miguu anabakiziwa kilichosalia baada ya mtaro. Halafu hicho kilichosalia kinakuwa maegesho.

Mtaniambia kuna mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake. Ni kweli na nitasema haki. Ilipoanza Mei 2016, Morogoro Road kutoka Kimara hadi mjini ilipata njia pana ya miguu na njia ya baiskeli, na mwaka 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa kazi ile. Mimi mwenyewe nimetembea Magomeni hadi Fire na mama, akafurahi, akasema hapa hata miguu haiumi. Kwa hiyo hapa kwetu uwezo wa kujenga upo, umeonekana. Ila ukishuka kituoni ukakata kona kuingia mtaani kwenu, hatua hamsini tu, njia imekwisha. Na hata ile iliyojengwa, bodaboda wanapita humo humo kwa spidi, na magari yanapaki kama vile zege lile lilimwagwa kwa ajili yao.

Kuhusu wamachinga nitakuwa mwangalifu, maana najua kuna watakaokimbilia huko. Wamewahi kupewa vitambulisho vya elfu ishirini wakafanye biashara bila kusumbuliwa, kisha Oktoba 2021 wakaondolewa kando ya barabara wakapelekwa maeneo mengine. Wengi wamerudi, na sababu haina siri: mteja ni mpita njia, machinga hufuata miguu ya watu. Yule muuza mihogo aliyemtoa mama mtaroni ana meza ya upana wa dhiraa moja na anaacha nafasi ya kupita. Hasira yangu iko kwa mwenye duka mwenye leseni na uwanja mkubwa nyuma, anayemwaga kokoto mbele kwa sababu hajawahi kuulizwa. Njia ikiwa na upana wa kutosha, mihogo na mama yangu wanatoshea wote.

Spidi nayo. Sheria yetu inasema kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Februari 2020 nchi zilipokutana Stockholm zilikubaliana kwamba pale magari na watu wa miguu wanapochanganyikana, mwisho uwe 30, kwa kuwa aliyegongwa na gari la 30 mara nyingi anaamka, na kadiri spidi inavyopanda ndivyo uwezekano wa kuamka unavyopotea. Kwetu mtu wa miguu anashushwa kwenye lami mara 17, basi huko ndiko kuchanganyikana kwenyewe. Tuta ni moja tu, na limejengwa mbele ya geti la mtu mmoja mkubwa. Mbele ya shule ya msingi hakuna. Zebra ilikuwepo, rangi imefutika, sasa watoto wanavuka kwa kushikana mikono na kukimbia.

Hapo shuleni ndipo panaponiuma kuliko pote, maana dawa yake imeshajaribiwa hapa hapa Dar. Kuna mpango unaitwa SARSAI wa shirika la Amend. Wanaenda kwenye shule za msingi ambazo watoto wanagongwa sana, wanaweka matuta, vivuko, njia ya miguu, vigingi vya kuzuia magari yasipande juu yake, na pengine wanahamisha tu geti la shule litazame barabara ndogo. Vitu vya saruji na rangi. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya WRI Ross ya miji, dola 250,000, mbele ya miradi ya dunia nzima. Nani alikuja kujifunza hapo akaenda kufanya hivyo kwenye kila shule ya mji huu?

Mwaka juzi nilikuwa Kigali kikazi. Jumapili asubuhi natoka hotelini nakuta barabara kubwa imefungwa, hakuna gari, watu wamejaa: wazee, kina mama na kanga zao, watoto wa baiskeli. Wana utaratibu huo tangu 2016, sasa hivi ni mara mbili kwa mwezi, na pembeni wahudumu wa afya wanapima watu presha na sukari bure. Nilisimama nikamtazama bibi mmoja umri wa mama yangu, anatembea katikati ya lami, mikono nyuma, haangalii chini. Hicho ndicho nilichokiona zaidi. Mama yangu akitembea anaangalia chini muda wote.

Naomba msinijibu "mpeleke Coco Beach" au "mpeleke Daraja la Tanzanite watu wanatembea kule". Najua. Ni pazuri. Kutoka kwetu ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na foleni ya saa mbili, ili mtu akatembee nusu saa. Na gym msinitajie, anaishi kwa pensheni.

Sasa hivi anaizunguka nyumba. Raundi moja ni hatua 52, nilimhesabia, kwa hiyo nusu saa ni karibu raundi 60. Ana kopo mbili za maziwa dirishani, kila akipita anahamisha punje moja ya maharage kutoka kopo hili kwenda lile. Ardhi imeshatengeneza mfereji, kuku wanampisha. Anakata kona nne kila raundi, na usiku goti la ndani linamuuma kwa sababu ya kugeukia upande mmoja, tumekubaliana awe anabadilisha, leo kulia kesho kushoto. Mwanamke aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini katika mtaa huu, nusu ya watu wazima hapa aliwafundisha kusoma, anazunguka nyumba yake kama mfungwa kwa kuogopa mtaro.

Nimeandika barua. Ninachoomba ni mifuniko 11, kuondolewa kwa kokoto na lile gari, tuta na zebra mbele ya shule, na taa hata nne tu. Nimeambatanisha picha ya kila tundu na vipimo vyake, nimepima kwa futi ya fundi. Majirani 43 wameshasaini, na wale vijana wa bodaboda wamekuja wenyewe kusaini, wakaahidi kupanga pikipiki upande mmoja ili watu wapite.

Jumatatu saa mbili asubuhi naipeleka. Kama kuna mtu humu amewahi kufuatilia jambo la namna hii likafanikiwa, naomba aniambie nakala niipeleke kwa nani ili isirushwe tena kutoka meza moja hadi nyingine. Na ninyi mlio mitaa mingine, wekeni picha za njia zenu hapa chini, mkiandika jina la barabara. Nitazichapa zote niende nazo.