Makarani, walimu na wazazi: acheni kuliharibu jina la Fibi

Wakuu, hili limenichosha. Hapa Dodoma mtoto wa kike akipewa jina la Fibi, hadi aanze darasa la kwanza ana majina manne. Kadi ya kliniki imeandikwa Fibi, cheti cha kuzaliwa Pheobe, rejista ya shule Phoebe, na mwalimu wa zamu anamwita Foebe. Mtoto asipoitika anaambiwa ana kiburi!

Jina lina silabi mbili: Fi-bi. Mkazo uko kwenye Fi, kama unavyotamka bibi. Makosa yanakuja pale mtu anapokuta tahajia ya Kiingereza, Phoebe, akaisoma kama Kiswahili. Anaona o na e, anazitamka zote, anapata Fo-e-be, silabi tatu, na mkazo umeshahamia katikati. Wengine hata hiyo ph wanaipasua, inakuwa Pohebe. Watu wanaotamka Ng'hong'onha bila kujikwaa wanashindwaje na Fibi?

Na tahajia ya Kiswahili ipo siku nyingi. Fungueni Biblia ya Union Version ya 1952, Warumi 16:1, ameandikwa Fibi. Wakristo wa Dodoma wanawaandika watoto Yohana na Petro kama ilivyo kwenye Biblia hiyohiyo, lakini wakifika kwa huyu dada wanakimbilia Kiingereza wasichokiweza.

Uadimu wa jina ndio unaozidisha balaa. Karani akikosea Neema, mama ataona, nesi ataona, hata jirani wa kitanda cha pili ataona. Pheobe inapita mikono yote hiyo na hakuna anayeshtuka. Kosa linaibuka miaka mingi baadaye: jina kwenye cheti cha mtihani haliendani na cheti cha kuzaliwa, binti anaomba mkopo wa chuo au kitambulisho cha taifa cha NIDA, anaanza kuzungushwa, mara kalete kiapo kwa wakili, mara rudi kwa msajili wa wilaya. Nauli ya kutoka Mpwapwa au Kondoa nani anarudisha?

Wazazi, amueni tahajia moja kabla mama hajatoka wodini. Msimtajie karani jina kwa mdomo. Liandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mmpe alinakili. Mkikabidhiwa tangazo la kizazi, ile karatasi ya taarifa kwamba mtoto amezaliwa, lisomeni herufi moja moja hapohapo dirishani, maana cheti kitafuata kilichoandikwa humo. Kama mmeng'ang'ania Phoebe, baada ya H inakuja O ndipo E. Hapo ndipo wengi wanapogeuza. Siku ya kuandikisha shule pelekeni nakala ya cheti, na kabla ya usajili wa mtihani wa darasa la saba ombeni kuona orodha ya majina.

Walimu, muulizeni mzazi mara moja, mwandike "Fi-bi" kwa penseli pembeni ya rejista. Makarani, acheni kujibu "si ni lilelile tu". Kwenye mfumo Pheobe na Phoebe ni watu wawili.

Wenye akina Kloe nanyi mmo humuhumu. Uingereza jina hilo lilishika namba moja kwa mabinti mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo huko Chloe halimsumbui mtu. Huku 1 Wakorintho 1:11 inasema Kloe. Mkiandika Chloe kwa ajili ya urembo, msimfokee mwalimu akisoma Choloe.