Vitamini D na MS: kidonge kimoja kwa siku kina shida gani?

Kiti cha Dirishani: Wakuu, naomba ushauri. Nina MS, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo, huu mwaka wa pili. Nilisoma kuwa wenye vitamini D ndogo kwenye damu ndio huupata zaidi ugonjwa huu, nikaanza kumeza kidonge kimoja kwa siku. Wiki hii kiu haikatiki, usiku naamka kukojoa mara nne tano, choo kigumu. Nibadilishe aina ya kidonge?

Mama Pacha: Pole sana. Wifi yangu anayo MS. Ilianza jicho moja kuingia ukungu, nyekundu akaiona imepauka, tukadhani ni miwani tu. Leo anatembea, anapika, na kuninunia bado ananinunia. Usikate tamaa.

Mtu wa Sala: Jua Mungu katupa bure, sisi tunajifungia ndani.

Dozi Kwanza: Kidonge cha yuniti ngapi?

Kiti cha Dirishani: 50,000.

Dozi Kwanza: Hicho hupewa mtu kwa wiki! Bila usimamizi wa daktari, mtu mzima asipite 4,000 kwa siku. Vitamini D hulimbikizana kwenye mafuta ya mwili na kupandisha kalsiamu kwenye damu. Hiyo kiu na mkojo ndiyo dalili, kinachofuata ni figo. Dawa ya MS unaendelea nayo?

Kiti cha Dirishani: Niliacha miezi mitatu iliyopita. Sindano zinaniachia mabonge mapajani. Na utafiti wa Ufaransa wa 2025 ulionyesha vitamini D inatuliza ugonjwa.

Dozi Kwanza: Wale walikuwa wagonjwa wa hatua ya mwanzo kabisa, hawajaanza tiba. Walipewa 100,000 kila wiki mbili, wastani wa 7,000 hivi kwa siku. Wewe unameza mara saba yake. Na Marekani 2023 waliongeza 5,000 kwa siku juu ya dawa, mashambulizi ya ugonjwa hayakupungua kuliko kwa waliopewa 600.

Jicho la Tatu: Hii chai wakuu. Mgonjwa gani anaacha tiba huku kakariri tafiti? Anatafuta soko la vidonge.

Kiti cha Dirishani: Si chai. Naandika kwa kushoto, mkono wa kulia una ganzi tangu juzi. Vifungo vya shati ananifungia mwanangu.

Jicho la Tatu: Nisamehe, ndugu yangu.

Dozi Kwanza: Hilo la mkono ungeanza nalo! Acha vidonge leo. Kapime kalsiamu, figo na vitamini D, umwambie daktari ganzi imeanza lini na sindano uliacha lini. Zipo dawa za kumeza pia. Kopo ulibebe.

Kiti cha Dirishani: Atanigombeza.

Mama Pacha: Agombeze. Asubuhi mtoto akufunge shati, uende.