Nina miaka 46, kiuno kigumu, na sijawahi kufanya yoga: nianzie wapi?

MshonajiNgamiani

Assalaam alaykum, na habari zenu wote.

Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Tanga, na kazi yangu ni ushonaji, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku huwa nimeinamia cherehani. Kwa muda mrefu sasa kiuno kimekuwa kikinikaza, hasa jioni ninapoinuka kitini, na ukifika msimu wa sare za shule hali huwa mbaya zaidi. Nimepimwa hospitalini na kuambiwa kwamba uti wa mgongo hauna hitilafu kubwa, ila nipunguze kukaa na nianze mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha misuli. Daktari aliitaja yoga, lakini foleni ilikuwa ndefu na sikupata nafasi ya kumuuliza zaidi.

Nilipotafuta video kwenye simu nilikutana na mabinti wembamba waliosimama kwa mikono, na hata zile zilizoandikwa kuwa ni za wanaoanza zilikwenda mbio, mwalimu akihamia mkao mwingine kabla sijaelewa ni mguu upi unaotakiwa mbele. Mimi nikiinama bila kukunja magoti, vidole vyangu huishia chini kidogo ya magoti hayohayo. Naomba kujua kama mtu wa hali yangu anaweza kuanza, kama anaweza kuanza nyumbani bila mwalimu, na kama ni lazima anunue vifaa. Zaidi ya yote, mimi ni Mwislamu, na dada yangu ameniambia waziwazi kwamba yoga ni ibada ya Wahindu na kwamba niachane nayo. Nitashukuru kwa majibu ya watu wanaoifahamu, si ya waliosikia tu.

MwalimuWaMkeka

Dada Mshonaji, pole kwa maumivu. Ninafundisha wanaoanza hapa Nairobi, na nitatangulia na suala la vidole, kwa sababu ndilo linalowafanya wengi wasiingie hata mlangoni. Kugusa vidole vya miguu si sharti la kuanza, na wapo wanaofanya mazoezi haya kwa miaka mingi bila kuvigusa na migongo yao ni mizima. Kinachotafutwa ni uti wa mgongo uliorefuka na pumzi inayokwenda taratibu. Mikono na ifike inapofika.

Kuhusu video zinazokwenda mbio, ni vyema ujue zimetoka wapi. Yoga ya kuhama kutoka mkao mmoja hadi mwingine kwa kufuata pumzi imetokana kwa sehemu kubwa na mafunzo ya Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha katika kasri la Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930, na wengi wa wanafunzi wake pale walikuwa wavulana wenye viungo vyepesi. Mwanafunzi wake mmoja, K. Pattabhi Jois, aliuendeleza mtindo huo kwa jina la ashtanga, na madarasa mengi ya haraka ya siku hizi yana asili yake humo. Mwanafunzi mwingine, B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kusumbuliwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu alipokuwa mdogo, alikwenda kufundisha mjini Pune kwa namna nyingine kabisa: mwanafunzi hutulia katika mkao, hujirekebisha hatua kwa hatua, na asipofika chini huwekewa kipande cha mbao, mkanda, blanketi au hata kiti. Wewe tafuta masomo ya mtindo huu wa pili, au yale yanayoitwa hatha (yoga ya mikao ya mwili) ya polepole, na ukiona mwalimu amebadilisha mikao mitatu ndani ya dakika moja, funga video hiyo bila kujilaumu.

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe. Lala chali sakafuni, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zimekanyaga chini, uvute na kutoa pumzi puani kwa dakika mbili tatu. Kisha chukua khanga, ikunje kwa urefu mpaka iwe mkanda, izungushe kwenye unyayo wa mguu wa kulia, ushike ncha zote mbili, na uunyanyue mguu huo juu huku wa kushoto ukibaki umekunjwa. Goti la mguu ulioinuliwa linaweza kubaki limepinda kidogo, hasa siku za mwanzo. Usivute kwa nguvu. Yalegeze mabega yalale sakafuni, upumue mara nane au kumi, na utahisi msuli wa nyuma ya paja ukiachia kidogo kila unapotoa pumzi. Kisha ubadilishe mguu. Kwa mtu wa kiuno kigumu ninalipenda zoezi hili kuliko kuinama ukiwa umesimama, kwa sababu sakafu inauzuia mgongo usijikunje, na kazi yote inabaki pajani, inakostahili.

Baada ya hapo piga magoti na uweke viganja chini, upandishe mgongo juu unapotoa pumzi na kuushusha unapovuta. Huo huitwa mkao wa paka. Mkao wa mbwa, ambao kila video inao, uufanyie kwanza kwenye meza yako ya kukatia vitambaa: weka viganja ukingoni, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi kiwiliwili kilale sambamba na sakafu, kunja magoti kidogo na usukume makalio nyuma. Viganja vitakapokuja kukanyaga sakafu siku nyingine, tandaza vidole na ukandamize shina la kidole cha shahada, vinginevyo vifundo vya mikono ndivyo vitakavyobeba uzito wote na utaamka navyo vikiuma.

Upo mkao mmoja ambao mshonaji hapaswi kuuacha. Goti la nyuma liweke juu ya mto, mguu wa mbele uukunje pembe mraba, kisha usogeze nyonga mbele polepole huku kiwiliwili kikiwa wima. Misuli ya mbele ya nyonga hubaki imejifupisha mtu anapokaa saa nyingi, na anapoinuka ghafla huendelea kukivuta kiuno. Maliza kwa kulala chali kimya dakika tano, mkao uitwao wa maiti. Wengi huuruka kwa kuuona ni uvivu, nami darasani kwangu huwa siwaruhusu.

Yote hayo ni dakika 20 hivi, mara tatu au nne kwa wiki, baada ya kukaa saa mbili au tatu bila mlo mzito. Kipimo chako kiwe pumzi: ukijikuta umeizuia au inakatikakatika, umekwenda mbali mno, punguza. Unaweza kuanza peke yako kwa mikao hiyo, lakini upate jicho la mwalimu japo mara chache, hata kwa simu ya video. Ukifika Dar es Salaam, kituo cha utamaduni wa India cha Swami Vivekananda hufundisha yoga, na huku kwetu Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, imewafunza vijana wengi ualimu, kwa hiyo kumpata anayefundisha kwa Kiswahili si jambo gumu kama zamani.

TibaYaViungo

Naongezea upande wa tiba, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Daktari wako hakukupeleka kusikojulikana. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, kilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno, na kwa maumivu yaliyodumu zaidi ya wiki 12 kilishauri kuanza na njia zisizo za dawa, yoga ikiwa miongoni mwake pamoja na mazoezi ya kawaida na tai chi, yale mazoezi ya polepole ya Kichina. Si kwamba yoga inazishinda njia nyingine. Faida yake ni kwamba mtu anaweza kuifanya nyumbani na kuidumisha.

Hata hivyo, tofautisha maumivu. Mvuto ulioenea katikati ya msuli, unaopungua ukilegeza mkao, ni wa kawaida. Maumivu makali ya kuchoma kwenye kiungo chenyewe, au yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi, ni ishara ya kuacha zoezi hilo. Na endapo siku yoyote utapata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, au mguu ukaanza kulegea, usisubiri hata kesho, nenda hospitali. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au presha ya macho asifanye mikao ya kichwa chini miguu juu, na mwenye mifupa iliyopungua nguvu aepuke kujikunja sana mbele. Kwa umri wako, kama hujapima presha karibuni, ipime kabla ya kuanza.

AbuSalma_Kisauni

Wa alaykum salaam warahmatullah. Dada yako ana haki ya kuwa na wasiwasi, ila jibu alilokupa ni fupi kuliko suala lenyewe.

Ni kweli kwamba yoga imezaliwa katika dini za India, na katika maandiko ya kale yanayohusishwa na Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, mikao ya mwili ni sehemu ndogo tu, kubwa zaidi ni nidhamu ya nafsi na kutafakari. Kwa sababu hiyo Novemba 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilitangaza kwamba yoga inayochanganya mazoezi na itikadi na nyiradi za Kihindu haimfai Mwislamu; siku chache baadaye waziri mkuu wa wakati huo, Abdullah Ahmad Badawi, akasema kwamba mazoezi ya viungo yanaweza kuendelea maadamu hakuna nyiradi. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa msimamo unaokaribiana na huo Januari 2009. Kwa upande mwingine, Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo Novemba 2017, baada ya juhudi za miaka mingi za mwanamke wa huko, Nouf Marwaai. Kwa hiyo mjadala uliopo kati ya Waislamu wenyewe unahusu zaidi kile kinachoambatanishwa na zoezi kuliko kunyoosha mguu kwa khanga.

Binafsi ningejihadhari na mambo mawili: kutamka "Om" na nyiradi nyinginezo, na mfuatano maarufu uitwao Surya Namaskar, ambao kwa jina lake lenyewe ni kulisalimu jua. Hata huko India, serikali ilipoandaa Siku ya Kimataifa ya Yoga ya kwanza, tarehe 21 Juni 2015, mfuatano huo uliondolewa kwenye ratiba baada ya jumuiya za Waislamu kuupinga. Katika mazoezi aliyoyaeleza Mwalimu hapo juu siuoni. Unapomwendea sheikh wako, usimuulize swali la jumla kama yoga inafaa au haifai, kwa kuwa atakujibu kwa jumla vilevile. Mweleze kwamba daktari amekushauri, kwamba unafanya nyumbani kwako, ukiwa umejisitiri, na umsimulie mkao mmoja mmoja. Hapo atakuwa na kitu cha kukitolea hukumu.

MtembeziUpanga

Kwa heshima ya waliotangulia, sioni sababu ya mama huyu kujitwisha mjadala wa dini na mikao yenye majina ya wanyama wakati barabara ipo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kunatosha kuzifikisha. Kulala chali na khanga hakuzifikishi.

MwalimuWaMkeka

Ndugu Mtembezi, nusu ya kwanza ya hoja yako ninaikubali, na ningemshauri dada atembee hata kama asingeniuliza, kwa kuwa yoga ya polepole haiuchoshi moyo kiasi kinachohitajika. Lakini mwongozo huohuo unataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na kutembea peke yake hakufungui nyonga iliyokaa kwenye cherehani tangu asubuhi. Wanafunzi wangu wanaofanya yote mawili ndio ninaowaona wakiendelea vizuri.

MshonajiNgamiani

Nawashukuru sana nyote. Sheikh nitamwona baada ya Ijumaa, na nitamsomea maelezo ya Mwalimu kama yalivyo. Nimelijaribu zoezi la khanga, na mguu wa kushoto umegoma mapema kuliko wa kulia. Nadhani ni kwa sababu wa kulia ndio ninaokanyagia cherehani. Nina maswali mawili yaliyobaki. Sakafu yangu ni ya vigae na mkeka wa ukili unateleza. Na ile mito mirefu ya duara ninayoiona kwenye picha inauzwa ghali. Kwa kuwa mimi ni fundi, je, nikipewa vipimo siwezi kuishona?

MwalimuWaMkeka

Mguu mmoja kugoma kabla ya mwingine ni jambo la kawaida. Upe mguu mgumu pumzi mbili tatu za ziada, usiulazimishe ufanane na mwenzake. Mkeka wa ukili ubaki wa mikao ya kulala tu. Kwa mikao ya kusimama, mguu mtupu kwenye kigae kikavu una usalama zaidi kuliko juu ya kitu kinachoteleza, na ukija kununua mkeka wa mpira, unene wa milimita nne hadi sita unatosha. Mnene zaidi ya hapo hukuyumbisha. Usifanye mazoezi ukiwa na dera, litakufunika uso mara tu utakapoinama; suruali pana na fulana ndefu vinatosha.

Mto utaushona vizuri kuliko wa dukani. Ukikamilika uwe na urefu wa sentimita 65 na kipenyo cha sentimita 22, kwa hiyo kata kipande cha sentimita 67 kwa 71 na duara mbili za kipenyo cha sentimita 24, ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande. Tumia kitambaa kigumu cha pamba. Ndani shindilia sufi, au mabaki ya vitambaa vyako yaliyokatwa vipande vidogo, mpaka ukiukalia usibonyee zaidi ya nusu ya kimo chake. Zipu iweke ubavuni, isielekee juu, maana utaulalia kwa mgongo.