Mabua au maranda? Nyasi kavu au heileji? Baridi ndiyo hiyo inakuja

KwatoNne
Wakuu, habari za mihangaiko. Baridi inabisha hodi na stoo yangu bado tupu. Kila mwaka nachelewa kununua chakula na matandiko ya farasi, na kila mwaka naumia mfukoni, safari hii nimeapa. Nimepata muuzaji wa nyasi kavu za marobota madogo, na mwingine ana heileji, yale mafurushi ya nyasi nusu kavu yanayofungwa plastiki. Chini huwa natandika maranda, ila kuna jamaa ananiambia nihamie mabua ya ngano, ni nafuu zaidi. Ipi inalipa? Jumamosi natakiwa kutoa malipo ya awali. Tiririkeni.

MzeeWaHori
Mleta mada, farasi wangapi? Uzito wao? Wanalala ndani au wanakesha malishoni? Stoo ikoje? Umeuliza nauli bila kusema unakwenda wapi.

MarandaTu
Maranda. Tumemaliza.

BintiShayiri
Hatujamaliza, hata hatujaanza. Tuanze na tumbo, maana huko ndiko pesa inakopotelea. Farasi anakula nyasi kavu kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 500 anataka kilo 10. Zidisha kwa siku 180, ni kilo 1,800 kwa farasi mmoja, na hapo hajakanyaga wala kukojolea hata unyasi mmoja. Weka za kupotea, andika tani 2.

Sasa mtego uko hapa: heileji ina maji ndani yake. Ikiwa ukavu wake ni asilimia 60 na nyasi kavu zina asilimia 85, basi kilo 10 za nyasi kavu ni sawa na kilo 14 hivi za heileji. Usilinganishe furushi na robota. Linganisha bei ya chakula kikavu kilichomo, ndipo utajua nani anakuuzia maji.

KwatoNne
Samahani wakuu, niliandika mbio. Ni wawili. Jike mzee wa kilo 450 hivi na kijana aliyehasiwa, huyo anafika 520. Usiku ndani, mchana nje. Stoo ina paa, upande mmoja uko wazi.

MzeeWaHori
Upande wazi unaelekea mvua inakotoka au inakokwenda? Hilo ndilo swali. Na kwa farasi wawili, heileji ya mafurushi makubwa isahau. Ukishatoboa plastiki hewa inaingia, una siku 3 hadi 5 kabla haijaanza kuharibika, baridi kali ikuongezee moja au mbili. Wawili wako watakula kama kilo 28 kwa siku. Furushi la kilo 250 litawachukua siku 9. Nusu yake utaibeba kwa toroli hadi jalalani.

TheluJino
Mzee, mafurushi madogo yapo, ya kulishwa siku moja au mbili. Kwa kilo ni ghali zaidi, sikatai, lakini hayana vumbi. Farasi mwenye kifua hiyo ni dawa. Angalizo moja tu: kagua plastiki yote kabla ya kupokea. Tundu la ndege au panya linatosha kuingiza ukungu, na ukikuta udongo au mzoga wa mnyama mdogo ndani, furushi zima tupa. Sumu ya botulizimu haionekani kwa macho na farasi haimchezei.

FundiHatamu
Acheni niwape yangu, labda itamsaidia mleta mada kabla ya Jumamosi.

Miaka kadhaa nyuma nilipata muuzaji anauza robota kwa bei iliyonifanya nicheke mwenyewe njiani. Nikanunua 200. Nilihesabu marobota, sikupima hata moja. Kule nilikozoea kununua, robota lilikuwa kilo 20 na ushee. Haya mapya nilipoyaning'iniza kwenye mizani ya kapi nyumbani, mengi yalikuwa 13, mengine 14. Ile bei ya kuchekesha, ukigawa kwa kilo, ilikuwa juu kuliko ya yule wa zamani niliyemkimbia.

Hilo lilikuwa dogo. Nje yalikuwa ya kijani, yananukia. Nikayapanga hadi darini, nikafunga mlango. Wiki ya tatu naingiza mkono katikati ya rundo, moto. Siyo uvuguvugu, moto wa kukutoa mkono. Yalifungwa kabla hayajakauka. Tulikesha tunayatoa nje mimi na kijana wangu, gizani, huku tunaogopa stoo itashika moto mikononi mwetu. Asubuhi nikapasua machache: ndani kijivu, vumbi la ukungu linapaa kama unga.

Kosa langu la pili ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilitupa yaliyokuwa mabaya waziwazi, yaliyobaki nikayaloweka na kulisha, kwa sababu pesa ilishatoka. Mwezi wa pili jike wangu alianza kukohoa kila akila. Kisha pua zikawa zinapanuka akiwa amesimama tu, tumbo linasukuma pumzi. Daktari alisema mapafu yamechokozwa na ukungu na hayatarudi kama zamani. Hajarudi. Kila baridi namlowekea nyasi, na maranda namnunulia yale yaliyopepetwa vumbi. Gharama hiyo haikuwemo kwenye hesabu ya robota 200.

Kwa hiyo mleta mada, nenda na mizani, na omba kupasua robota moja utakalochagua wewe, siyo atakalochagua yeye. Unyevu usizidi asilimia 15. Huna kipimo? Chukua fungu usokote. Nyasi kavu zinavunjika zikilia, mbichi zinajikunja kimya.

BintiShayiri
Pole sana mkuu. Hiyo ya "pesa ilishatoka" imetumaliza wengi.

MamaZizi
Pole Fundi. Sasa turudi kwenye kitanda, maana MarandaTu ametoa hukumu akalala. Mimi ni wa mabua, miaka yote. Mabua yana joto, mkojo unashuka chini, juu panabaki pakavu. Na samadi yake inaoza vizuri, wenye bustani wanakuja kuichukua wenyewe. Maranda yanachelewa kuoza na yanaifyonza naitrojeni ya udongo, mwenye bustani akiyaona anageuza gari.

MarandaTu
Sijalala. Mabua yako farasi mlafi anayala. Namjua mmoja alikula kitanda chake usiku mmoja, asubuhi yuko chini anajigaragaza, msokoto wa tumbo. Kwenye maranda unaokota kinyesi na sehemu iliyolowa, basi. Dakika 15 kwa kila banda. Muda wako nao hauna bei?

MamaZizi
Huyo alikuwa na njaa. Mpe nyasi za kutosha usiku uone kama atakula godoro.

TheluJino
Wote mmesahau peleti za mbao. Unamwaga, unanyunyizia maji, zinavimba. Zinanyonya kuliko maranda na rundo la samadi linapungua. Chini weka mikeka ya mpira. Mwaka wa kwanza utalia, miaka inayofuata unatandika kidogo sana.

MzeeWaHori
Mikeka ni sawa, ila kojo linalojificha chini ya mkeka siku moja litakutoa machozi kweli, siyo kwa bei. Na wa maranda, ulizeni yametoka mti gani. Mjozi mweusi ukichanganyika humo, farasi anaweza kuvimba ndani ya kwato chini ya siku moja. Ukichukua bure kwa fundi seremala asiyejua alichokata, umejinunulia kilema.

KwatoNne
Asanteni, nanukuu yote. Vipi kuhusu blanketi? Nikiwavalisha si watakula kidogo?

FundiHatamu
Umetufungulia vita nyingine.

BintiShayiri
Farasi mzima mwenye manyoya yake ya baridi, akiwa mkavu na amekingwa upepo, anastahimili hadi nyuzi 10 chini ya sifuri bila shida. Adui ni kulowa, manyoya yakilala joto limekwenda. Baridi ikizidi ongeza nyasi, siyo nafaka. Nyasi zinapochachuka kwenye utumbo mpana ndizo zinazompasha. Hilo ndilo jiko lake.

MamaZizi
Na yule mzee? Wangu wa miaka 27 bila blanketi anakonda mbele ya macho yangu. Usimhubirie mzee habari za jiko wakati kuni hazitafuni.

BintiShayiri
Nimesema farasi *mzima*, mama.

TheluJino
Maji jamani. Farasi akila nyasi kavu tupu anahitaji kati ya lita 25 na 45 kwa siku, na maji ya barafu hayanywi ya kutosha. Nyasi zinakauka tumboni, zinaziba. Mimi namwaga ndoo ya maji ya moto kwenye hori asubuhi na jioni, na chumvi kidogo kwenye pumba. Bili ya daktari mmoja usiku wa manane ni zaidi ya kuni za msimu mzima.

KwatoNne
Mkuu Mama Zizi umenigusa. Huyu jike wangu siku hizi anatema vibonge vya nyasi alizotafuna nusu, nikadhani ni deko. Na mwaka jana alikohoa kidogo baridi ilipokolea.

MzeeWaHori
Mleta mada!! Hilo unalisema leo, ukurasa wa pili? Hayo ni meno. Nyasi ndefu hazimfai, hata uzinunue za dhahabu. Mwite daktari wa meno kabla ya kutoa hiyo pesa Jumamosi. Huenda utahitaji nyasi zilizokatwa fupi au makapi ya kiazi sukari yaliyolowekwa, na hesabu yote ya tani 4 inabadilika.

FundiHatamu
Na kikohozi kile usikiite "kidogo". Wangu alianza hivyohivyo.

MarandaTu
Kikohozi = maranda yasiyo na vumbi. Narudia, tumemaliza.

KwatoNne
Daktari nimempigia, anakuja Alhamisi. Muuzaji wa nyasi nimemwambia nakuja na mizani, amecheka, kisha akauliza nakuja saa ngapi hasa. Nitaleta mrejesho. Mengine: kule stoo nimekuta panya wametangulia kuhamia kabla ya nyasi. Mnawafanyaje bila sumu?

MamaZizi
Paka wawili. Mmoja analala.

TheluJino
Wangu wote wawili wanalala, tena juu ya heileji, na wanaitoboa plastiki kwa kucha.