Mwanangu anataka kuhama Essendon aende Hawthorn. Nimruhusu?

Baba wa Sunshine

Wakuu, habari za majukumu. Najua wengi humu damu yenu ni Simba, Yanga, Gor au TP Mazembe. Lakini tupo pia tuliofikishwa Australia na maisha, na ukikaa Melbourne hata mwaka mmoja utaulizwa timu yako ya mpira wa Kiaustralia, ligi ya AFL, mpaka na daktari wa meno, vyombo vikiwa mdomoni. Mimi ni wa Essendon. Nilitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma, nikafika hapa 2009, na jirani yangu, mzee wa Kigiriki, akanivisha skafu nyeusi yenye mkanda mwekundu kabla sijajua hata kwamba goli lina pointi 6. Sikuchagua timu, nilivishwa.

Sasa hali ni hii. Essendon haijashinda mechi ya mtoano tangu 2004. Hata moja. Tangu hapo tumeingia mtoano mara sita (2009, 2011, 2014, 2017, 2019 na 2021) na mara zote sita tumetolewa mechi ya kwanza tu. Hilo nimelizoea kama watu wanavyozoea maumivu ya mgongo. Msimu huu wa 2025 ndio umenimaliza. Tulianza vizuri, mechi 10 za kwanza tukashinda 6. Ya sita ilikuwa Mei, dhidi ya Richmond, usiku ule wa Dreamtime, mechi ya kila mwaka ya kuwaenzi wenyeji asilia, pale MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne. Tukarudi nyumbani tunaimba kwenye treni. Tangu siku ile mpaka msimu unaisha hatukushinda tena. Mechi 13 mfululizo, vichapo 13. Cha mwisho ndicho kibaya zaidi: mechi ya Gold Coast iliyoahirishwa Machi kwa sababu ya kimbunga ikaja kuchezwa mwishoni mwa Agosti, wenzetu wote wameshamaliza ratiba, na kwa kutupiga sisi Gold Coast wakafuzu mtoano kwa mara ya kwanza tangu waingie ligi 2011. Watu wamepita juu ya mgongo wetu kama daraja. Tumemaliza wa 15 kati ya timu 18.

Kijana wangu ana miaka 11, kazaliwa hapa hapa. Kikosi kikitangazwa Alhamisi jioni anaandika majina yote 23 kwenye karatasi: 18 wa uwanjani, 4 wa benchi na mmoja wa akiba, kwa kanuni za 2025. Anaibandika kwenye friji kwa sumaku ya kangaruu. Kalamu ya bluu kwa wazima, nyekundu anawakata waliopotea kwa majeraha. Mwezi wa nne karatasi ilikuwa bluu yenye madoa. Kufika mwezi wa nane mama yake alipita pale akauliza kama hiyo ni orodha ya madeni.

Tuwe wakweli, majeruhi yalituua. Sam Draper, yule mrefu wetu aliyekuwa akiruka kugombea mpira refa akiudundisha katikati, kama ilivyokuwa mpaka 2025, kakatika kano ya kisigino. Nick Bryan, wa kuchukua nafasi yake, goti. Mzigo wote ukamwangukia Todd Goldstein, mtu wa miaka 37! Nic Martin naye goti. Jordan Ridley, msuli wa paja. Lakini nina dukuduku na upangaji wenyewe. Mimi nimekulia kwenye kahawa. Mche wa kahawa haupandwi juani peke yake, unaupanda chini ya mgomba upate kivuli. Sisi tulipanda miche sita saba kwa mpigo, jua la saa sita, halafu jukwaani watu wanazomea miche. Nate Caddy ana kipaji, mtoto anadaka mpira juu ya mabega ya watu wazima. Isaac Kako ana kasi. Archie Roberts anapiga pasi kama ana dira mguuni. Lakini kila wiki wanapewa jirani mpya uwanjani, nani atajua nani anakimbilia wapi?

Na huu si ugonjwa wa mwaka huu peke yake. 2024 tulikuwa wa pili kwenye msimamo katikati ya msimu, tukamaliza wa 11. 2023 pia wa 11. Baridi ikikolea, sisi tunayeyuka.

Basi, Oktoba ikaja. Nahodha wetu, Zach Merrett, mwenye mkataba mpaka 2027, akaomba kuhamia Hawthorn. Klabu ikagoma, dirisha likafungwa tarehe 15, kabaki. Jioni ile kijana kaja sebuleni na skafu mkononi, kaikunja vizuri, kaiweka juu ya meza. Akasema: "Baba, nahodha mwenyewe anataka kwenda Hawthorn. Mimi nimesaini mkataba gani?"

Nilikosa jibu. Nilijifanya naangalia simu.

Naomba ushauri. Kwanza, nimruhusu ahame? Kwa watu wa huku ni kama kubadili ukoo. Pili, uanachama wa familia kwa 2026 unataka kulipiwa, na ni pesa ya zamu kadhaa za usiku ghalani. Nilipe?

Mwana wa Mwanza

Mkuu, pole. Ila kabla ya ushauri, huu ni mpira gani wa watu 18, wenye kudaka, na goli pointi 6? Kipa yuko wapi?

Baba wa Sunshine

Hakuna kipa, mkuu. Uwanja ni wa duara kama yai, kila upande kuna nguzo nne. Ukipiga kwa mguu ukapita kati ya mbili ndefu, 6. Ukipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, wanakupa 1 ya kukufariji. Robo nne za dakika 20, lakini saa inasimama mpira ukitoka, kwa hiyo robo moja inaweza kufika dakika 30. Ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu, ukaenda walau mita 15, hakuna wa kukugusa mpaka upige.

Mwana wa Mwanza

Kumbe pointi ya kufariji ipo. Ingetufaa sana na huku.

Papa ya Perth

Papa, miye niko Perth, timu yangu ni West Coast. Mwaka huu tulicheza mechi 23, tukashinda moya. MOYA. Mwenye kushinda sita anakuja kulia mbele ya mwenye moya? Lipa uanachama, nyamaza.

Mzee wa Dandenong

Kijana wangu, mimi nipo mji huu miaka mingi, nikusahihishe mambo mawili.

La kwanza, kikosi. Unamlaumu kocha Brad Scott kwa kupanga watoto. Angepanga nani? Ukitoa waliokuwa kwa daktari, kikosi kilijipanga chenyewe, kazi ya kocha ilikuwa kusoma majina. Mgomba wako wa kivuli ni mfano mzuri, lakini migomba yote ilikuwa na magongo. Swali la kuuliza ni jingine: kwa nini misuli inachanika kwetu kuliko kwa wengine, mwaka baada ya mwaka? Hapo ulizeni watu wa mazoezi kule Tullamarine, msimuulize anayeandika majina.

La pili, Hawthorn! Angesema Geelong ningenyamaza. Angesema Brisbane ningesema sawa, mabingwa mara mbili mfululizo, mtoto anapenda kombe. Lakini Hawthorn? 1983, 1984 na 1985 tulikutana nao fainali kuu miaka mitatu mfululizo. 1983 walitupiga kwa pointi 83. Mbili zilizofuata tukachukua sisi, chini ya kocha Kevin Sheedy. Kuna wazee wa Essendon wasioweza kuvaa kahawia na njano mpaka leo, hata soksi. Mtoto akihama, ahame, ila asipite mtaani kwangu.

Baba wa Sunshine

Shikamoo mzee wangu. La watu wa mazoezi nimelipokea. Lakini hata kwenye uhaba kuna kuchagua. Kuna wiki mtu anarudi kutoka majeraha moja kwa moja timu kubwa bila kupita timu ya akiba, wiki mbili mbele yuko kwenye kalamu nyekundu tena. Friji langu ni shahidi.

Mzee wa Dandenong

Marahaba. Friji halina shahada ya tiba.

Kocha wa Sofa

Mimi ni Collingwood, nimekuja kuwafariji 😂. Mnakumbuka mechi yetu nanyi ya Anzac Day ya 2024? 85 kwa 85. Mkashangilia sare kama ubingwa. Na ile hadithi yenu ya mwaka 2000, kwamba mlipoteza mechi moja tu msimu mzima mkabeba kombe, mtoto wa miaka 11 itamsaidia nini? Ni sawa na kumwambia babu yake alikuwa na ng'ombe 100.

Ila kwa usajili nitasema kweli. Kushika nafasi ya 15 kuna faida yake, maana ligi hii anayeshika mkia ndiye anayetangulia kuchagua vijana wapya Novemba. Halafu Tasmania wanaingia 2028 na watapewa upendeleo kwenye kuchagua, kwa hiyo wa kuokota vijana aokote sasa. Mkimzuia Merrett kwa nguvu lakini mkavuna vijana wazuri, 2027 mnaweza kuwa watu. Nimesema mnaweza.

Dada wa Adelaide

Kaka, mimi ni Port Adelaide, na sababu yangu ni moja: Aliir Aliir. Mtu aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Mama yangu alipoambiwa hilo alitaka kuona picha yake, akasema "huyu ni wetu," mjadala ukaisha.

Namleta kwa sababu ya hoja yako ya upangaji. Aliir alikuwa Sydney mpaka mwisho wa 2020, na hakuwa na uhakika wa namba kila wiki. Akaja kwetu, akapewa sehemu moja ya nyuma, akaachwa hapo hapo. Mwaka uliofuata, 2021, akaingia kikosi bora cha Australia nzima. Ukimtazama utaona haangalii mshambuliaji wake sana, anausoma mpira uliolengwa mtu mwingine, anamwacha mtu wake kidogo tu, halafu anatokea angani na kuudaka yeye. Hiyo haifundishiki kwa mtu anayehamishwa nafasi kila Jumamosi. Kwa hiyo kwenye hili mimi niko upande wako dhidi ya mzee: hata ukiwa na watoto watupu, mpe kila mtoto chumba chake na usimhamishe.

Kuhusu mwanao, leteni Port, tuna nafasi. Nasi tumemaliza wa 13, hatujivuni.

Mama Ushauri

Nimesoma mpira wenu wote mpaka macho yameuma. Baba, mtoto ana miaka 11. Naomba unijibu maswali mawili tu. Rafiki yake mkubwa shuleni anashabikia nani? Na baada ya ile mechi ya Mei mliyorudi mnaimba, umekwenda naye uwanjani mara ngapi?

Baba wa Sunshine

Mama, rafiki yake ni Hawthorn. Familia yao ina tiketi ya ziada.

La pili: mara moja. Kazini walibadili zamu, nikawa nachukua Jumamosi kwa sababu inalipa zaidi. Hiyo mara moja ilikuwa uwanja wa Marvel, tukafungwa, tukatembea mpaka stesheni ya Southern Cross hatuongei. Kwenye treni akavua skafu akaisukumia ndani ya koti langu. Nilidhani anasikia joto. Ilikuwa Julai, katikati ya baridi!

Mama Ushauri

Haya. Sasa tunaongea.

Kocha wa Sofa

Mama kaja na kisu. Mimi najifunza kimya kimya.

Papa ya Perth

Papa, mwende na yeye, hata kwa Hawthorn. Mechi ni mechi. Miye natoka na mutoto wangu kila mara tunapigwa, tunakula mikate ya nyama, tunarudi. Yeye anajua majina ya wachezaji bote, hata ya benchi.

Mzee wa Dandenong

Aende na rafiki yake akakae kwenye kiti hicho cha ziada. Mara moja. Bila skafu ya kahawia. Essendon ikicheza na Hawthorn, wewe uko zamu gani?

Baba wa Sunshine

Nimeshaomba kubadilishiwa, mzee. Nasubiri jibu la msimamizi.

Wakuu, mrejesho mfupi. Jana usiku nilimsomea huu uzi, nikiruka matusi ya Kocha wa Sofa. Nikamwambia uanachama wa 2026 nimelipia wa watu wawili, sio wa familia nzima. Wangu na wake. Wake unaweza kukaa kwenye droo mpaka aamue, na kwa rafiki yake ruhusa anayo. Skafu bado iko mezani, mama yake anaizunguka akifuta vumbi.

Hakusema ndiyo wala hapana. Kaenda jikoni kafungua friji, kakaa mbele yake mlango wazi mpaka likaanza kupiga kengele. Halafu kaniuliza: Goldstein kastaafu, Draper kaenda Brisbane, goti la Bryan bado. Mechi ya kwanza nani ataruka katikati?

Mwenye jibu naomba anisaidie, anasubiri hapa pembeni.