Mapendeleo ya programu nyingi kwenye kompyuta za maabara: Ansible iyashughulikie vipi?

msimamizi_maabara
Wakuu, habari za kazi. Ninasimamia maabara ya kompyuta ya chuo, ambako mashine zote zina Ubuntu 22.04 na husanidiwa kwa Ansible, zana ya kusanidi kompyuta nyingi kwa pamoja. Kwenye vifurushi na akaunti sina shida. Tabu iko kwenye mapendeleo ya programu zenyewe, yaani ukurasa wa mwanzo wa Firefox, muda wa skrini kuzima, na LibreOffice kuhifadhi nyaraka kwa muundo wa docx ambao walimu wanauhitaji. Kwa sasa nanakili faili hizo kwenye folda ya nyumbani ya kila mwanafunzi, lakini prefs.js, faili ya mapendeleo ya Firefox, hurudi ilivyokuwa kivinjari kinapofungwa, faili ya dconf (hifadhi ya mapendeleo ya GNOME, yaani mazingira ya eneo-kazi ya Ubuntu) haifunguki kwa kihariri cha maandishi, na orodha inarefuka kila akaunti mpya inapoongezwa. Nifanyeje bila kuvuruga yale ambayo mwanafunzi amejichagulia mwenyewe?

fundi_seva
Ndugu, faili hizo huandikwa na programu zenyewe, ndiyo maana unashindana nazo. Firefox huisoma prefs.js inapoanza na huiandika upya inapofungwa, hivyo ulichokiweka humo kivinjari kikiwa wazi lazima kipotee. Nayo ~/.config/dconf/user ni hifadhidata ya mfumo wa jozi, si maandishi. Nakushauri uziache kabisa folda za nyumbani, uandike kwenye ngazi ya mfumo ambayo programu hizi zimemtengea msimamizi.

Tangu toleo la 60 la mwaka 2018, Firefox husoma sera kutoka policies.json, ambayo kwenye Linux huwekwa /etc/firefox/policies/. Ukiandika Homepage pamoja na "Locked": false, anwani yako inakuwa chaguo la awali tu na mwanafunzi anaweza kuibadilisha, ukiweka true, hawezi. Fungua about:policies uhakikishe kwamba sera imesomwa.

Kwa GNOME, faili ya /etc/dconf/profile/user iwe na mistari miwili:

user-db:user
system-db:local

Kisha andika /etc/dconf/db/local.d/00-maabara:

[org/gnome/desktop/session]
idle-delay=uint32 600

Hizo ni sekunde, yaani dakika 10. Bila amri ya dconf update hakuna kitakachobadilika, kwa hiyo iweke kwenye handlers za Ansible ili iendeshwe pale tu faili inapoguswa. Aliyekwisha kuingia atoke na kuingia tena ili profaili mpya isomwe.

mchapa_kodi
Naongezea LibreOffice, kwa sababu hapo ndipo wengi hukata tamaa. Fungua akaunti ya majaribio, chagua docx kwa mkono kwenye dirisha la mipangilio, funga programu, kisha tazama registrymodifications.xcu iliyo chini ya ~/.config/libreoffice/4/user/. Utaukuta mstari wenye ooSetupFactoryDefaultFilter na thamani "MS Word 2007 XML". Chukua mpangilio huo mmoja tu, uuweke kwenye faili yako ya .xcd ndani ya share/registry ya LibreOffice. Ukiibeba faili nzima, utasambaza kwa kila mtu hata orodha ya nyaraka zilizofunguliwa kwenye akaunti ile. Ukitaka pasibadilishwe, ongeza oor:finalized="true".

Ipo pia programu isiyokuwa na ngazi ya mfumo. Kama faili yake ni ya muundo wa INI (mistari ya ufunguo=thamani), moduli ya Ansible ya community.general.ini_file hubadilisha ufunguo mmoja na kuyaacha mengine yalivyo. Endesha moduli hiyo wakati programu imefungwa. /etc/skel, folda ambayo yaliyomo hunakiliwa kwenye kila akaunti mpya, nayo inafaa, ila huzihusu akaunti zitakazofunguliwa baadaye tu.

msimamizi_maabara
Nashukuru sana, nimeelewa kwa nini nakala zangu zilikuwa hazidumu. Nina swali moja tu: kompyuta za ofisi ya walimu zinahitaji ukurasa tofauti wa mwanzo. Je, niandike policies.json ya pili?

fundi_seva
Hapana, kiolezo kiwe kimoja, na anwani iwe kigezo kinachopewa thamani yake kwenye group_vars/walimu.yml na group_vars/maabara.yml, yaani faili za vigezo za kila kundi la mashine. Kabla ya kusambaza, endesha ansible-playbook kwa --check --diff (jaribio lisilobadilisha kitu) ukiwa umeibana kwenye mashine moja kwa --limit, usome mistari itakayobadilika. Hapo pia utaona kama kuna mtu aliyeibadilisha mashine hiyo kwa mkono.