Shairi la mbuga lenye mishororo mitano: ni guni?

Ndugu zangu, hoja iliyoletwa ni hii: shairi fupi la mshairi wa Marekani Emily Dickinson juu ya prairi, zile mbuga za nyasi za Marekani, ni guni, yaani lina kasoro ya utunzi, kwa kuwa mizani yake (idadi ya silabi katika kila mshororo) haina urari, kwa hiyo halifai kufundishia muundo. Napinga, na nitapinga kwa mizani hiyohiyo.

Hesabuni silabi zake katika Kiingereza: 13, 6, 4, 8, 4. Vina anavyo: mishororo mitatu ya kwanza inaishia kwa i, miwili ya mwisho kwa u. Aliyepanga vina hivyo hakushindwa na mizani. Alikusudia.

Mshororo wa kwanza unasema mbuga hufanywa kwa klova na nyuki mmoja. Wa pili unarudia, lakini tazameni "mmoja" anavyohama: sasa ni klova mmoja, na nyuki. (Klova ni kile kijimea cha malisho chenye vijani vitatu.) Wa tatu ni "na njozi", basi. Mbuga yote ile imepungua hadi ikabaki pumzi moja! Kisha wa nne unatanuka ghafla kutuambia njozi peke yake yatosha, na wa tano unafunga: nyuki wakiwa haba. Umbo lenyewe linapunguza vitu, halafu linaipa njozi nafasi. Mwanafunzi akiliona hilo, ameuona muundo.

Mtanitajia mshairi mwingine wa Marekani, William Cullen Bryant, aliyefika jimbo la Illinois mwaka 1832, akaziona mbuga kwa macho yake na kuzitungia shairi refu lisilo na vina, mapigo matano kila mshororo. Nalipenda, urefu wake unakwenda na upana wa nchi ile. Ila yeye nchi ilikuwa mbele yake. Dickinson wa Amherst, mji wa mashariki mwa Marekani, hakufika huko magharibi. Mbuga yake ilitoka kichwani, na shairi, lililochapishwa 1896, miaka kumi baada ya kifo chake, linakiri hivyo waziwazi.

Sheria za kutunga mashairi za mshairi Amri Abedi, za 1954, naziheshimu, nimejifunza kutunga kwazo. Lakini ni za shairi la Kiswahili. Kumhukumu Dickinson kwa sheria hizo ni kupima kitambaa kwa kibaba.

Anayeshikilia urari na atujazie mshororo wa tatu: baada ya "na njozi" aongeze maneno gani silabi zitimie 13, na njozi ibaki njozi?